Dakika Arobaini Kabla ya Daraja

Lubumbashi, 6 Mei 2025

Kwa Yaya Bilonda,

Natumaini bahasha hii inakukuta mzima, wewe na shemeji Mulumba, na binti yenu Tina na mtoto wake. Sisi tuko. Annie anakusalimu sana. Waling'oa jino lake wiki jana, na tangu siku hiyo nyumba nzima inakula uji, maana mpishi akiugua hakuna anayejali kama meno ya wengine ni mazima.

Usinicheke kwamba mkurugenzi wa kampuni inayouza tiketi kwa simu anamwandikia dada yake kwa kalamu. Najua simu yako inazunguka mikononi mwa watu wote wa nyumba, na ujumbe wa sauti Tina anaufungua mbele ya majirani. Ninalotaka kukuuliza si la majirani.

Unakumbuka mwezi wa pili tulifunga kifaa kwenye kila basi, kile kidogo kama kipande cha sabuni. Mimi hapa ghorofa ya pili ninayaona mabasi yote kumi na manne kwenye skrini. Kila basi ni nukta ya kijani inayotembea barabarani. Likisimama, nukta inakuwa ya njano. Likisimama sana, inakuwa nyekundu. Patron, mwenye kampuni, aliponipa ukurugenzi alisema amechoka na kampuni inayopiga simu kuuliza basi liko wapi. Nimempa kampuni inayojua. Na abiria wa siku hizi, hasa vijana wa migodini, hawapandi tena basi wasiloliona kwenye simu zao.

Sasa sikiliza, yaya. Basi la shemeji likirudi Kolwezi, kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, linasimama mahali pamoja, baada ya Kisanfu, kabla ya daraja la Lualaba. Pale si kituo. Linasimama saa kumi na moja jioni, dakika arobaini. Nimerudi nyuma hadi siku ya kwanza ya kifaa na ni hivyo karibu kila safari. Hakuna basi lingine linalofanya hivyo.

Bado sijamwambia mtu. Lakini skrini haiko kwangu peke yangu, na wengine wataona. Watasema anauza mafuta ya basi. Au watasema, nisamehe, kwamba ana nyumba nyingine pale. Je, wewe unajua anafanya nini?

Nijibu kwa njia hii hii ya bahasha.

Mdogo wako,
Muteba


Kolwezi, 14 Mei 2025

Mkurugenzi Muteba,

Nimekuita hivyo ili ufurahi kidogo kabla sijakugombeza.

Sisi wazima. Umeme umekatika siku nne hapa Kapata. Tunaambiwa maji yamepungua kwenye bwawa la Nzilo, lakini taa za migodini tunaziona zinawaka usiku kucha, kwa hiyo labda kule maji hayapungui. Vumbi la malori ya mgodi wa Mashamba limeingia hadi kwenye sukari. Mtoto wa Tina amepona kikohozi. Mwambie Annie asukutue kwa maji ya chumvi, asisikilize watu wa dawa za sokoni.

Kazini ni hivi: watu wanakuja kwenye dirisha langu na simu mkononi, wananipa simu, ninawanunulia tiketi kwa simu zao wenyewe, halafu wananiuliza karatasi iko wapi. Jana mama mmoja alikataa kuondoka. Alisema, "Mama Bilonda, mi siwezi kupanda bus na maneno ya mu simu. Niandikie jina yangu." Nikamwandikia jina kwenye kipande cha daftari, nikapiga muhuri. Akakikunja, akakiweka kifuani, akaenda kupanda. Hiyo haionekani kwenye skrini yako.

Kuhusu ulichoniuliza. Nilicheka nilipokisoma. Halafu nikapiga pasi shati lile lile mara mbili.

Muteba, nimekaa na Mulumba miaka thelathini na moja. Anarudi na vumbi lake na njaa yake, anakula, analala. Lakini umeniwekea dakika arobaini kichwani, na sasa hata anapochelewa kutoka chooni nahesabu. Juzi tukila ugali, bukari kwa mboga ya sombe, nikamuuliza kwa mzaha, "Tata, banasema bus yako inapenda kupumuzika njiani." Hakuniangalia. Alijibu tu, "Mashini inapumuzika." Nikasema, "Mashini gani?" Akasema, "Mashini, mama Tina. Lete sombe."

Kwa hiyo jibu langu ni hili: sijui. Na wewe usinipe kazi ya upelelezi nyumbani kwangu. Kama mkurugenzi anataka kujua dereva wake anafanya nini njiani, apande basi. Mkurugenzi wa zamani, marehemu tata Kabemba, alikuwa anapanda basi mara mbili kwa mwezi na anakaa kiti cha nyuma kabisa, kile kinachorusha watu. Wewe umepanda basi letu mara ngapi tangu wakupe kiti?

Nimekugombeza vya kutosha. Salamu kwa watoto.

Yaya wako,
Bilonda


Lubumbashi, 3 Juni 2025

Yaya mpendwa,

Baridi imeingia huku, asubuhi tunatoa moshi mdomoni kama wavuta sigara. Annie meno yake yanaendelea vizuri. Mtoto wetu mkubwa amefaulu majaribio yote isipokuwa hesabu, nami nimemwambia amerithi kwa mama yake. Sasa analindwa na mama yake.

Nimechelewa kukujibu kwa sababu mwezi huu sikulala vizuri. Patron alikwenda kuona kampuni nyingine zinavyofanya kazi, akarudi na daftari limejaa. Tumepata wawekezaji watakaokuja mwisho wa Julai kuona mfumo wetu. Wakipendezwa, tutapata mabasi mapya ishirini na njia ya hadi Kasumbalesa. Wasipopendezwa, sijui. Kampuni mbili zimefungwa mwaka huu kwenye barabara hii hii, umeziona.

Kwa hiyo kuanzia tarehe moja Julai kuna sheria mpya, na ninakuambia wewe kabla ya wengine. Safari itachukua saa tano, si sita. Basi likisimama nje ya kituo, dakika ya nne kifaa kinapiga kelele mbele ya dereva, na likizidi dakika tano jina lake linapata alama. Alama tatu, anashuka kwenye usukani. Mimi ndiye niliyeiandika. Madereva wamezoea kusimama kwa shangazi, kwa mkaa, kwa mazishi ya watu wasiowajua. Abiria wanalalamika. Ajabu ni kwamba abiria wa shemeji hawalalamiki. Kwenye zile nyota wanazompa dereva kwa simu, yeye ni wa kwanza kati ya wote. Mmoja aliandika: "Tata anatuacha tununue asali."

Mwambie basi aache. Mwambie kama mke, ili nisilazimike kumwambia kama mkurugenzi.

Jambo la pili ni gumu kulitamka. Dirisha la tiketi la Kolwezi litafungwa mwisho wa Agosti. Tutakutafutia nafasi nyingine. Sijui bado ni ipi, lakini itakuwepo.

Mdogo wako anayekuheshimu,
Muteba


Kolwezi, 20 Juni 2025

Muteba,

Salamu kwenu nyote. Tumemzika mama Mbuyu kule Likasi siku ya Jumatano, yule jirani yetu wa zamani aliyekuwa anakupa karanga ukiacha kulia. Watu walikuwa wengi. Tina hakuweza kuja, mtoto ana homa tena.

La dirisha sitalizungumza leo. Miaka ishirini na mbili nimekaa pale, na umelitia katika mistari minne chini ya asali. Tuliache.

Jana Alhamisi nilirudi kutoka Likasi. Sikumwambia Mulumba. Basi lake lilipoingia kituoni nilipanda pamoja na watu, nikakaa kiti cha tatu, kitambaa usoni. Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nimeshajua hata maneno nitakayomwambia huyo mwanamke.

Baada ya Kisanfu basi likapunguza mwendo, likatoka barabarani taratibu. Mulumba akasema, "Batu ya Mungu, tunasimama kiloko, kidogo tu. Munaweza kushuka." Watu wakashuka kama waliozoea. Kuna akina mama pale wanaouza viazi vitamu na asali. Hakuna nyumba. Hakuna mapipa ya mafuta. Mulumba hakushuka. Alivuta kofia hadi puani, akakaa vile vile mikono juu ya usukani. Tshibangu, msaidizi wake, unamkumbuka, yule wa makamo aliyekuwa anachimba na baba yetu mdogo, alisimama mbele ya kioo cha basi akilitazama jua. Analitazama tu, kama mtu anayengojea chungu kichemke. Jua liliposhuka nyuma ya miti, akagonga kioo na kusema, "Njo sasa, tata. Twende." Mulumba akainua kofia, akawasha basi, akatufikisha Kolwezi kabla giza halijaingia vizuri.

Nilikuwa nalia nyuma ya kitambaa. Hakuna mwanamke, Muteba. Nimetamani angekuwa mwanamke.

Kiache hicho kituo. Nakuomba kama mtu aliyekubeba mgongoni. Kiandike kwenye mfumo wako kuwa ni kituo cha viazi, cha asali, cha choo, kipe jina unalotaka. Watu hamsini na wawili wanafika nyumbani kwa ajili ya hizo dakika. Usiniulize zaidi. Kukuambia zaidi ni kumvua mume wangu nguo mbele za watu, na sijafika huko.

Bilonda


Lubumbashi, 11 Julai 2025

Kwa Yaya Bilonda,

Heri kwenu. Pole kwa mama Mbuyu. Nilituma mchango kwa jina lako na langu. Pole pia kwa mtoto. Annie anamtumia sweta aliyoifuma mwenyewe, mkono mmoja ni mrefu kuliko mwingine lakini msimwambie.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Nimeelewa kwamba shemeji anachoka. Miaka hamsini na minane na barabara ile, nani asingechoka? Lakini yaya, kama amechoka, dawa si kusimamisha watu hamsini porini. Ninaye kijana, Papy, ana miaka thelathini na moja, amesomea. Anaweza kuchukua basi lile hata kesho, na shemeji nikamweka kwenye maegesho agawe zamu. Ninyi niambieni tu.

Unaniomba niandike kituo cha bandia. Sasa fikiria. Madereva wote wanajua Mulumba ni shemeji yangu. Siku ile ile nikimwachia yeye dakika arobaini, kila mmoja ataleta shangazi yake na mkaa wake, na Patron ataniuliza mimi ni kiongozi wa kampuni au wa ukoo. Nilipopewa kiti hiki kuna watu walisema Muteba wa Kapata atajaza ndugu. Sikujaza hata mmoja. Ni hilo tu nililo nalo.

Ameshapata alama mbili, tarehe tatu na tarehe nane. Moja nimeichelewesha siku mbili kuiingiza nikitumaini itajifuta. Haikujifuta. Ya tatu sitaweza hata kuigusa, inakwenda moja kwa moja kwa Patron. Tarehe thelathini na moja wawekezaji watakuwa hapa mbele ya skrini. Nakusihi, siku hizo asisimame.

Mwezi wa tisa kutakuwa na uchunguzi wa afya kwa madereva wote. Hilo nalo ni jambo jema.

Mdogo wako,
Muteba


Kolwezi, Jumatatu, 28 Julai 2025

Muteba mdogo wangu,

Salamu zangu leo ni fupi. Tuko hai. Mtoto amepona, sweta inamfaa.

Mulumba haoni.

Nimeandika. Nilikaa na kalamu tangu misa ya jana na sasa nimeandika. Haoni vizuri, ana mtoto wa jicho kwenye macho yote mawili, la kulia ndilo baya zaidi. Daktari alimwambia mwezi wa pili. Mimi aliniambia siku ile niliyopanda basi lake kwa siri, tulipofika nyumbani. Mchana anaona vya kutosha. Asubuhi akija kwenu jua linampiga shavuni, anavumilia. Jioni akirudi jua linamsimamia usoni, na anasema inakuwa kama mtu amemmwagia maziwa kwenye kioo. Hapo haoni lori, haoni mtu, haoni ukingo wa barabara. Na usiku taa za malori ni hivyo hivyo. Kwa hiyo anangojea. Jua likishuka na giza halijaja, anazo dakika chache za kuona, na hizo ndizo anazotumia kutufikisha.

Nilimwambia apasuliwe. Ni jambo la siku chache, wengi wamepasuliwa hapa na wanasoma Biblia bila miwani. Ananiambia, "Mi nikilala wiki mbili, batakalisha kijana mu kiti yangu. Na mu simu bataandika Mulumba ni kipofu." Anaogopa skrini yako kuliko kisu cha daktari. Anasema enzi za tata Kabemba angemwendea na kumwambia uso kwa uso. Wewe hajui atakuambia wapi. Ghorofa ya pili hajawahi kupanda.

Tangu alama ya pili hasimami tena zile dakika arobaini. Anasimama nne. Ikifika ya nne kile kifaa kinaanza kulia, watu wote wanageuka kumtazama, naye anaingia barabarani. Tshibangu anakaa karibu yake na kumsemea njia: lori, baiskeli, kona. Wiki tatu sasa wanakwenda hivyo. Kinachowaokoa ni moshi wa watu wanaochoma majani, unafunika jua kidogo. Mimi kila jioni ya safari nasimama nje ya geti hadi nisikie breki. Sili kabla hajarudi. Tina anadhani nafunga kwa maombi.

Nimefika pale ambapo sikutaka kufika. Mtoe kwenye usukani. Mtoe wewe, kesho, bila kungoja mwezi wa tisa, na wala usimwambie kwamba ni mimi. Atanichukia au hatanichukia, nitajua baadaye. Na watu wale hamsini hawakuniomba niwafichie siri.

Nimekupigia simu leo mara tatu. Labda ni heri hukupokea, kwa mdomo nisingeweza.

Barua hii anaileta yeye mwenyewe, kama zote. Nitaifunga kwa gundi na kumpa kesho alfajiri, naye ataiweka kwenye mfuko wa shati.

Nisamehe kwa kuchelewa kusema.

Bilonda


Kolwezi, 9 Agosti 2025

Muteba,

Sina salamu nzuri, pokea hizi nilizo nazo.

Mulumba amefanyiwa upasuaji wa pili wa mguu. Askari anakaa mlangoni mwa wodi, kijana mpole, anamsaidia kunywa maji. Daktari wa hospitali alimtazama macho siku ya pili, na kabla ya jioni mji mzima ulijua. Mimi nakwenda asubuhi na jioni. Mara moja tu aliuliza, "Tshibangu beko wapi?" Nikamwambia yuko wodi nyingine. Tulikuwa tumemzika siku mbili kabla.

Watu watatu. Waliokufa ni Tshibangu, na mwalimu mmoja, na mama aliyekuwa anapeleka mahindi kwa binti yake. Wote watatu walikuwa wamepita mbele ya dirisha langu siku zilizotangulia. Mwalimu nilimnunulia tiketi kwa mikono yangu. Lori alilogonga lilikuwa limeharibika na kusimama upande wake wa barabara, wote waliokaa mbele ndani ya basi waliliona, isipokuwa aliyeshika usukani.

Karatasi ya kampuni imebandikwa getini. Nimeisoma nimesimama katikati ya watu. Inasema dereva alificha ugonjwa wa macho, na mke wake, mfanyakazi wa kampuni, alijua. Inasema uongozi haukuwa na habari yoyote hadi siku ya ajali. Saini ni yako.

Sikukasirika, Muteba. Nilijiambia, kwa hiyo barua haikufika. Nilimpa Mulumba Jumanne alfajiri, nikaona akiitia mfukoni. Ajali ni Alhamisi. Labda ilidondoka. Labda aliiacha kwa mtu wa mapokezi, naye akasahau. Nataka uniambie neno moja tu: barua yangu ya tarehe ishirini na nane ilifika lini? Silali kwa ajili ya hilo. Kama ilichelewa njiani, basi kosa ni langu, ningeandika siku ile ile ya Juni nilipolia nyuma ya kitambaa. Watu watatu wangekuwa wanakula sasa hivi. Mwendesha mashtaka ameniita Alhamisi ijayo na nitamwambia hivyo.

Dada yako


Lubumbashi, 12 Agosti 2025

Yaya Bilonda,

Annie anakusalimu. Watoto hawajui chochote. Hapa nyumbani tuko wazima, na naona aibu kuandika kwamba tuko wazima.

Barua yako ilifika Jumanne tarehe ishirini na tisa, saa sita na dakika kumi mchana. Haikuchelewa hata kidogo. Shemeji aliileta mapokezi, wakaipiga muhuri wa tarehe na saa, nilivyoagiza mwenyewe mwezi wa nne ili bahasha zisipotee. Aliuliza kama naweza kushuka nimsalimie. Wakamwambia niko kikaoni. Nilikuwa kikaoni kweli, lakini ngazi ni kumi na nane tu.

Waliniletea mezani. Niliona mwandiko wako, na simu zako tatu za jana yake nilikuwa nimeziona pia. Nikadhani ni lile la dirisha. Nikasema moyoni, yaya ataniliza na nina wageni Alhamisi, nitaisoma wakiondoka. Nikaiweka chini ya faili la wawekezaji. Ilikaa hapo Jumanne yote, Jumatano yote, na Alhamisi yote. Shemeji aliendesha basi la abiria jioni mbili barua ikiwa juu ya meza yangu.

Niliifungua Ijumaa asubuhi. Kwa hiyo ile karatasi ya getini, kwamba uongozi haukuwa na habari hadi siku ya ajali, mwanasheria wa kampuni aliniambia ni kweli, na nikatia saini. Nilijua ukweli huo ni wa namna gani.

Jana nimekwenda kwa mwendesha mashtaka huku Lubumbashi. Nimempa bahasha yako, muhuri wake na barua ndani. Nimempa na ile niliyokuandikia tarehe kumi na moja Julai, nakala ninayo, ile ninayosema asisimame. Nimemwambia sheria ya dakika tano ni yangu, na saa tano za safari ni zangu. Leo asubuhi Patron amechukua funguo za ofisi. Hakupiga kelele. Alhamisi ukiitwa, usijibebeshe kisicho chako. Sema ulichoandika na siku uliyoandika. Mimi nitakuwa Kolwezi Jumatano, nitakuja kwa basi, na nitakwenda hospitali kama atakubali kuniona.

Kuna jambo moja ambalo halimo kwenye bahasha na hakuna mtu anayeweza kulijua nisipolisema. Nimelificha siku kumi na mbili. Nakuambia wewe kwanza, halafu Alhamisi nitalisema pale mbele yao.

Siku ile, saa kumi na moja, nilikuwa mbele ya skrini na Patron na wageni wanne. Moshi ulikuwa umepeperushwa na upepo, hata huku jua lilikuwa kali. Nukta ya shemeji ilifika mahali pake na kusimama. Ikawa ya njano. Mgeni mmoja akauliza, hii imesimama kwa nini? Nikamwambia, ngojeni muone. Tukahesabu wote kwa sauti, kama watoto. Ilipofika dakika ya nne nukta ikatetemeka, ikawa ya kijani, ikaingia barabarani. Wageni wakapiga makofi. Patron akanishika bega. Nami, yaya, nilifurahi. Nilifurahi kuliko siku niliyopewa kiti.

Ilitembea dakika sita, halafu ikasimama tena. Nikawaambia ni mtandao.

Muteba